Kwa Nini Gia za Mkono Zinatoweka katika Magari ya Spoti

Injini ya petroli ina udhaifu mmoja usioepukika: hufanya kazi vizuri pale tu inapozunguka kwa kasi ya kadiri fulani. Ikizunguka polepole mno huzimika. Ikizidisha kasi huharibika. Magurudumu, kwa upande wake, hayana budi kuanzia kwenye kasi ya sifuri. Kazi ya giaboksi ni kupatanisha mahitaji hayo mawili. Mpanda baiskeli yenye gia huijua kanuni hiyo: anapopanda mlima huchagua gia nyepesi, miguu ikazunguka mara nyingi ili gurudumu lizunguke mara chache, lakini kwa nguvu zaidi.

Katika gari la gia za mkono, dereva hukanyaga klachi ili kutenganisha injini na giaboksi, husogeza mkono wa gia, kisha huachia klachi. Wakati huo wote injini haisukumi gari. Chukua mfano wa gari linalokwenda kilomita 180 kwa saa, yaani mita 50 kwa sekunde. Dereva akitumia nusu sekunde kubadili gia, gari litakwenda mita 25 bila kusukumwa.

Gia otomatiki za zamani hazikuondoa tatizo hilo bila hasara. Zilipokea nguvu ya injini kwa njia ya mafuta yanayozungushwa ndani ya chombo maalumu, na sehemu ya nguvu hiyo ikapotea kwa kugeuka joto. Ndiyo sababu wapenzi wengi wa magari ya spoti walizidharau. Gari la Corvette la Marekani lilipotokea mwaka 1953 lilikuwa na giaboksi otomatiki ya gia mbili tu. Gia za mkono zilifuata mwaka 1955.

Mabadiliko makubwa yalianzia kwenye mashindano. Mwezi Machi 1989, nchini Brazili, Nigel Mansell alishinda kwa gari la Ferrari ambalo gia zake zilibadilishwa kwa vijiti vidogo vilivyo nyuma ya usukani. Umeme na mafuta yenye shinikizo vilifanya kazi ya mkono. Mwaka 1997 Ferrari iliuza gari la barabarani, F355, lenye mtambo wa namna hiyo.

Wakati huohuo Porsche ilikuwa imekwisha kujaribu, katika miaka ya 1980, giaboksi yenye klachi mbili. Klachi moja huendesha gia ya 1, ya 3 na ya 5; nyingine huendesha ya 2, ya 4 na ya 6. Gari likiwa katika gia ya 3, gia ya 4 huwa imekwisha kuingizwa, ikingoja. Kinachobaki ni klachi moja kuachia huku nyingine ikishika, na magurudumu hayakosi nguvu ya injini.

Mkono wa binadamu haukuweza kushindana na mtambo huo. Kufikia mwaka 2015, Ferrari na Lamborghini hazikuwa tena na gari jipya lenye gia za mkono, na Corvette ya mwaka 2020 ikaziacha pia.

Hata hivyo, kasi siyo kipimo pekee. Mwaka 2013 Porsche ilitoa 911 GT3 bila gia za mkono, na wateja wengi wakanung'unika. Mwaka 2017 zilirudishwa kwa mwenye kuzitaka, ingawa gari lenye klachi mbili lilifikia kilomita 100 kwa saa katika sekunde 3.4, na lenye gia za mkono katika sekunde 3.9. Wateja hao walikubali kupoteza nusu sekunde ili ustadi wa kubadili gia ubaki mikononi mwao.

Lakini mota ya umeme inaleta swali jingine. Hutoa nguvu kubwa tangu gari linapoanza kuondoka, na magari mengi ya umeme yana gia moja tu isiyobadilishwa. Udhaifu ule wa injini ya petroli, uliozaa klachi na ustadi wa kuitumia, haumo ndani yake.