Diski Ikifa, Mafaili Hayafi Nayo

Tarehe 1 Februari 2003, chombo cha angani cha Marekani, Columbia, kilisambaratika juu ya jimbo la Texas kikiwa njiani kurudi duniani, kwenye kimo cha kilomita 60 hivi. Wanaanga wote saba walifariki. Miezi kadhaa baadaye, mahali palipokuwa ziwa lililokauka, iliokotwa diski ngumu ya kompyuta yenye uwezo wa megabaiti 400 hivi. Plastiki yake ilikuwa imeyeyuka, kizuizi cha vumbi kimeungua, na uchafu umeingia hadi ndani.

Diski hiyo ilipelekwa Minneapolis, kwenye kampuni ya kuokoa data ya Kroll Ontrack. Huko mhandisi Jon Edwards alizitoa sahani zake, akazisafisha kwa kemikali, kisha akazipachika kwenye diski nyingine nzima. Asilimia 99 ya data ikasomeka. Yalikuwa matokeo ya jaribio la kupima mnato wa gesi ya zenoni, na mwaka 2008 yalichapishwa katika jarida la kisayansi la Physical Review E. Diski nyingine mbili za chombo hicho hazikutoa kitu.

Sasa chukua eksteno, yaani diski ngumu ya nje, iliyodondoka kutoka mezani jana usiku. Haikupita kwenye moto wala haikuanguka kutoka angani, lakini wiki ijayo huenda picha zote za harusi zilizomo zikawa zimepotea kabisa. Tofauti iko kwenye kilichofuata baada ya ajali. Diski ya Columbia haikuwashwa na mtu hadi ilipofika mikononi mwa mtaalamu. Eksteno ya mezani huchomolewa, ikachomekwa tena, ikatikiswa, ikajaribiwa kwenye kompyuta tatu za majirani. Hitilafu hukata njia ya kuyafikia mafaili. Kwa kawaida mafaili yenyewe huwa bado yapo, na anayeyamaliza ni mwenye mali.

Kwenye kasha mna nini?

Ukifungua kasha la plastiki la eksteno ya kubeba mkononi, utakuta diski ya inchi 2.5, aina ileile inayotumika kwenye laptopu. Ndani ya diski hiyo mna sahani moja au zaidi za kioo au alumini, zilizopakwa utando mwembamba wa sumaku. Kila herufi ya barua yako na kila doa la rangi kwenye picha yako limeandikwa hapo kwa vipande vidogo mno vya sumaku vinavyoelekea upande mmoja au mwingine.

Sahani huzunguka, mara nyingi mizunguko 5,400 kwa dakika. Kwa mwendo huo, ukingo wake hukimbia kwa zaidi ya kilomita 60 kwa saa. Juu yake kuna kichwa cha kusomea, kwenye ncha ya mkono mwembamba wa chuma. Kichwa hakigusi sahani. Upepo unaosababishwa na mzunguko hukiinua, kikaelea nanomita chache tu juu ya utando. Unywele wa binadamu una unene wa nanomita 80,000 hivi, kwa hiyo hata chembe ya moshi wa sigara ni kubwa kuliko nafasi hiyo.

Teknolojia hii ilianza kwa ukubwa wa kutisha. Mwaka 1956 kampuni ya IBM ilitoa diski ya kwanza ya kibiashara, yenye sahani 50, kila moja na kipenyo cha sentimita 61, na zote pamoja zilibeba herufi milioni 5 tu. Picha moja ya simu ya leo inaweza kuijaza. Ili kufika kwenye terabaiti zinazoenea mfukoni, vichwa vilibidi vijifunze kuhisi sumaku dhaifu ajabu. Ugunduzi uliowezesha hilo ulifanywa miaka ya 1980 na Albert Fert wa Ufaransa na Peter Grünberg wa Ujerumani, kila mmoja kivyake, na ukawapatia Tuzo ya Nobeli ya Fizikia mwaka 2007.

Sikiliza kabla ya kushika

Fundi mzoefu huanza na sikio, kwa sababu kila hitilafu ina sauti yake.

Ikiwa diski iko kimya kabisa, anza kushuku vya nje: waya, tundu la USB, au bodi ndogo ndani ya kasha inayounganisha diski na waya. Hitilafu hii ndiyo nafuu kuliko zote. Kwenye eksteno nyingi, fundi huitoa diski kwenye kasha, akaiunganisha moja kwa moja na kompyuta, na mafaili yakaonekana. Lakini eksteno nyingine zina tundu la USB lililochomelewa kwenye bodi ya diski yenyewe. Tena yapo makasha ambayo bodi yake hufumba kila kinachoandikwa, hivyo diski ikitolewa humo husomeka kama takataka. Ndiyo maana kasha lililovunjika halitupwi hadi kazi iishe.

Zamani, bodi ya diski ikiungua, mafundi walitafuta diski nyingine ya aina ileile wakabadilisha bodi. Siku hizi ujanja huo pekee mara nyingi haufui dafu. Kwenye bodi kuna chipu inayotunza vipimo vya vichwa vya diski hiyo moja, vilivyopimwa kiwandani, na vipimo vya diski nyingine havitafaa. Ni lazima chipu ya zamani ihamishiwe kwenye bodi mpya.

Ikiwa inagonga, ko, ko, ko, hapo pana hatari. Kichwa kinatafuta alama za kujielekeza zilizoandikwa kwenye sahani, hakizioni, kinarudi mwanzo na kujaribu upya. Huenda kimepinda au kimevunjika. Kila kugonga kunaweza kuwa mkwaruzo, na palipokwaruzwa utando wa sumaku umegeuka vumbi. Hakuna programu wala maabara itakayolirudisha vumbi hilo kuwa picha.

Ikiwa inavuma kidogo au kutoa mlio mwembamba bila kuzunguka, yawezekana vichwa vimenata kwenye sahani au mota imekwama. Hitilafu hii na ile ya kugonga hutibiwa kwa kufungua diski, kazi inayofanyika kwenye chumba chenye hewa iliyochujwa. Meza ya duka yenye feni juu haifai hata ikiwa imefutwa vizuri.

Nakili kwanza, tibu baadaye

Hali inayowapata wengi ni ya katikati. Diski inazunguka vizuri na inaonekana kwenye kompyuta, lakini folda inachukua dakika kumi kufunguka, na unakili unafika nusu ukagoma. Kuna sekta mbovu. Sekta ni kipande kidogo kabisa ambacho diski husoma kwa mkupuo mmoja, cha baiti 512 au 4,096. Ikikutana na sekta isiyosomeka, diski huirudia tena na tena, na kompyuta nayo huomba tena. Huku unangoja, kichwa kilichochoka kinarudia kupita palepale palipo pabovu.

Wataalamu hawaendi hivyo. Wao hunakili diski nzima, sekta kwa sekta, kwenda kwenye diski nyingine isiyo na hitilafu, kisha mafaili huyatafuta kwenye nakala. Programu mashuhuri ya bure kwa kazi hii ni ddrescue ya mradi wa GNU, iliyoandikwa na Antonio Díaz Díaz. Itazame ikiwa kazini. Huanza kuchota kwa haraka maeneo yanayosomeka bila shida. Ikigonga pabovu haibishani napo: inaruka mbele na kuandika kwenye kumbukumbu yake kwamba hapa nitarudi. Ikimaliza, hugeuza mwelekeo na kulisogelea eneo bovu kutoka upande wa pili, ikipunguza kingo zake. Mwisho kabisa ndipo hukwangua sekta mojamoja. Umeme ukikatika, huendelea pale ilipoishia kwa kufuata kumbukumbu ile. Kwa mpango huo, diski ikizimika katikati ya kazi, sehemu kubwa huwa imeshaokolewa.

Daftari na nyumba

Kuna hasara nyingine isiyohusu chuma kabisa: umefuta kwa bahati mbaya, umefomati, au kompyuta inadai diski ifomatiwe ndipo itumike. Diski ina orodha inayoeleza kila faili linaitwaje na limelala sekta zipi. Unapofuta faili, kompyuta huigusa orodha tu. Kumfuta mpangaji kwenye daftari la mjumbe hakubomoi nyumba yake, ila nyumba sasa inahesabika kuwa tupu, na mgeni yeyote anaweza kupangishwa humo. Ufomati wa haraka nao huanzisha daftari jipya, nyumba zikabaki zimesimama.

Hata daftari likipotea lote, mafaili yana sura zake. Picha ya JPEG huanza kwa baiti FF D8 FF, na PDF huanza kwa alama %PDF. Programu kama PhotoRec, ya Mfaransa Christophe Grenier, hupita sekta kwa sekta ikitafuta mianzo hiyo. Utapata picha zako, lakini bila majina wala folda, na video ndefu iliyoandikwa vipandevipande huenda isiungane. Hapo diski ya Columbia ilikuwa na bahati: kompyuta yake ilitumia mfumo wa DOS, data haikutawanywa, na nusu ya diski ilikuwa tupu.

Sharti ni moja: usiandike chochote kwenye diski hiyo. Usiweke programu ya uokoaji humo, wala usihifadhi humo ulichookoa. Usikubali kompyuta ikurekebishie makosa ya diski kabla ya kunakili, kwa sababu inaweza kurekebisha daftari kwa kufuta majina isiyoyaelewa. Na ukikuta folda zako zote zimegeuka njia za mkato, tulia. Huyo ni kirusi, na mara nyingi mafaili yamefichwa tu palepale.

Dawa za mtaani

Kuiweka diski kwenye friza ni ushauri wa miaka mingi. Ikitolewa humo, unyevu wa hewa hutua juu ya sahani, na kichwa kinachoelea nanomita chache hukutana na matone. Kuigonga mezani humalizia kichwa kilichobaki. Iliyoingia maji ya mafuriko isiwashwe wala isianikwe juani, kwa maana chumvi na tope vikikaukia kwenye sahani huwa vigumu kutoa. Ifunge ndani ya mfuko ikiwa bado na unyevu wake, uipeleke kwa mtaalamu.

Ukimpelekea fundi, awe wa Kariakoo au wa barabara ya Luthuli jijini Nairobi, muulize maswali mawili: utanakili diski nzima kabla ya kugusa kitu? Na ikibidi kufunguliwa, itafunguliwa wapi? Anayejibu la pili kwa kuonyesha bisibisi na meza iliyo mbele yako, mshukuru uondoke na diski yako.

Matumaini haya yote ni ya diski zenye sahani. Eksteno mpya za SSD hazina kichwa wala mota, na zinastahimili kuanguka. Lakini ukifuta faili, kwenye baadhi yake kompyuta huiarifu SSD kwamba nafasi ile haitakiwi, nayo hujisafisha yenyewe, pengine ndani ya dakika chache. Huko ndiko maji yakimwagika hayazoleki. Zikifa, nyingi hufa ghafla, bila mlio wa kukutahadharisha.

Kwa hiyo kanuni iliyoenezwa na mpiga picha wa Marekani, Peter Krogh, haijazeeka: nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, na moja ikae nje ya nyumba yako. Wengi wetu tunazihamishia picha kwenye eksteno, tukazifuta kwenye laptopu ili kupata nafasi, kisha tukasema tuna bakapu. Hiyo ni nakala moja iliyobadilisha makazi. Nunua eksteno ya pili wakati ya kwanza bado inafanya kazi. Bei yake ni ndogo kuliko gharama ya kufungua diski moja kwenye chumba cha hewa iliyochujwa.