Je, Wajua? Bawa Lipitalo Chini ya Maji

Mvuvi apigaye kasia katika ziwa Tshangalele, lililozuiwa na bwawa la Mwadingusha katika mto Lufira, upande wa mashariki ya Kakontwe na Likasi, ajua kwa mikono yake jinsi maji yanavyokishika chombo. Wala si ajabu, maana kwa ujazo ule ule maji yana uzito upatao mara 800 ya hewa, na kila shubiri ya ubao iliyolowa huzidisha msuguano. Kwa sababu hiyo Alexander Graham Bell na Casey Baldwin walikitia mabawa chini chombo chao HD-4, kikainuka juu ya maji, na tarehe 9 Septemba 1919, huko Kanada, kikafikia kilomita 114 kwa saa.

Lakini bawa likiukaribia mno uso wa maji hupungukiwa na nguvu ya kuinua, huzua mawimbi yaliibayo mwendo, na pengine huvuta hewa likalegea ghafla. Mrusi Rostislav Alekseyev aliigeuza ila hiyo kuwa fadhila: meli yake Raketa, iliyoanza safari katika mto Volga mwaka 1957, ilipopanda kupita kiasi bawa lilidhoofu, ikashuka; na iliposhuka, bawa likapata nguvu tena, pasipo nahodha kugusa kitu.