Ng'ombe akifa ghafla, anayeshika kisu ndiye wa kwanza kuwa hatarini

Katika vijiji vya wafugaji vya Kivu Kaskazini, ng'ombe akifa ghafla usiku, asubuhi watu wanafanya haraka wamchune na kuuza nyama kabla haijaharibika. Mwenye ng'ombe anataka kuokoa sehemu ya mali yake, mnunuzi anafurahia bei ya chini. Katikati yao kuna mchinjaji, bila glovu, na mara nyingi ana jeraha la kisu ambalo halijapona.

Yeye ndiye wa kwanza kuambukizwa kimeta, ugonjwa ambao madaktari wa mifugo wanauita charbon. Mwezi wa nne mwaka 2025, kimeta kiliua viboko wasiopungua 50 katika hifadhi ya Virunga, kwenye mto Ishasha. Taasisi ya ICCN iliomba wakaaji wajiepushe na wanyama wa pori na wachemshe maji. Lakini ng'ombe, mbuzi na kondoo nao wanashikwa na ugonjwa huu.

Bakteria ya kimeta inaweza kulala ndani ya udongo miaka makumi, na mnyama anaimeza akila majani. Akifa, anavimba upesi, na damu nyeusi isiyoganda inaweza kutoka puani, mdomoni ao nyuma. Mzoga usipopasuliwa, bakteria nyingi zinakufa humo wakati unaoza. Kisu kikiufungua, hewa inaingia, na bakteria inajivika ganda gumu ambalo hata kupika nyama hakuliui kwa hakika. Ndiyo maana mzoga wa namna hiyo haufunguliwi. Anaitwa daktari wa mifugo.

Ni rahisi kusema hivyo. Mfugaji anayezika ng'ombe mzima bila kulipwa kitu atashawishika kumwita mchinjaji, na mchinjaji anayekataa anapoteza kipato cha siku.

Kwa mtu, ugonjwa unaingia hasa kupitia mchubuko wa ngozi. Kinaanza kipele kinachowasha, kama mtu ameumwa na mdudu, kisha kinakuwa kidonda cheusi katikati. Hakiumi, na hapo ndipo kinapodanganya watu. Dawa za antibiotiki zinaponyesha zikianza mapema. Bila dawa, bakteria inaweza kuingia katika damu na kuua.

Mwenye kidonda hicho aende kituo cha afya siku ileile na aeleze kazi yake. Muuguzi asipoambiwa kwamba alichuna ng'ombe aliyejifia, anaweza kufikiri ni jipu tu.