Sumaku Iliyo Juani Tumeijuaje?

Hapa kwetu Asumbi jua halitufichi uso. Lakini nikisema ati jua lina sumaku, wenzangu huniuliza: "Nani alikwenda huko akarudi?" Swali ni zuri, nami nitalijibu.

Tuanzie jikoni. Maji ya chumvi yakimwagikia moto wa stovu, ule mwali wa buluu hugeuka manjano. Rangi hiyo ni ya sodiamu iliyo katika chumvi. Ndani ya atomu mna elektroni, nazo hukaa kwa ngazi. Elektroni ikishuka ngazi, hutoa mwangaza wa rangi maalum. Mwangaza huo ukipitishwa katika chombo cha kuchambua rangi, huonekana kama mistari myembamba. Kila elementi ina mistari yake, kama vile kila mtu ana alama zake za vidole.

Sasa hebu tulete sumaku. Elektroni yenyewe ni kama sumaku ndogo. Ikiwa karibu na sumaku kubwa, nishati yake huzidi au hupungua kidogo kulingana na upande inakoelekea. Basi ngazi moja huwa kadhaa, na mstari mmoja hugawanyika. Sumaku ikizidi nguvu, mistari huzidi kuachana.

Michael Faraday wa Uingereza alijaribu jambo hili mwaka wa 1862 asione kitu, kwani chombo chake hakikutosha. Mnamo 1896 Pieter Zeeman, kijana wa miaka 31 huko Leiden, Uholanzi, alirudia kwa chombo bora. Aliweka moto wenye chumvi katikati ya sumaku ya umeme, mistari ikapanuka. Hendrik Lorentz akaeleza sababu, na wote wawili wakapewa Tuzo ya Nobel mwaka wa 1902.

Mwaka wa 1908 George Ellery Hale, akiwa California, Marekani, alichunguza madoa meusi ya jua, akakuta mistari imegawanyika. Alipopima nafasi iliyo kati yake, akajua kuwa sumaku ya huko inashinda ile ya dunia yetu mara maelfu.

Kwa hiyo ndugu zangu, hakuna aliyekwenda. Mwangaza wenyewe ndio ulioleta habari, kwa safari ya dakika nane hivi. (Tafadhali, msilitazame jua kwa macho matupu, mtapofuka!) Wengine husema fizikia ni ya shule zenye maabara kubwa. Mimi nasema chumvi tunayo, moto tunao, na maswali tunayo. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo.