Huyu Mwalimu Atakaa?

Mzazi wa Merti, hapa Isiolo, hamuulizi mwalimu mgeni kama ana cheti au stashahada. Anajiuliza jambo moja: huyu atakaa? Ameshaona wengi wakishuka garini na mkoba mmoja, na muhula ukiisha hawarudi.

Sisi wakufunzi, tangu enzi za mkoloni, tumeshughulika na swali jingine: mwalimu awe na alama gani? Zamani madaraja yalikuwa T2, T3 na T4. Baada ya uhuru yakawa P1 hadi P4. Mwalimu wa P4 hakuwa amekanyaga sekondari. Alitarajiwa afundishe kusoma, kuandika, hesabu na adabu, fimbo ikiwa mkononi.

Mwaka 1971 serikali ilifuta karo ya shule za msingi katika wilaya kame, Isiolo ikiwemo. Mwaka 1974 ikaifuta nchi nzima kwa darasa la kwanza hadi la nne, na wanafunzi wa shule za msingi wakapanda kutoka takriban milioni 1.8 hadi zaidi ya milioni 2.7 katika mwaka mmoja. Hakukuwa na chuo ambacho kingetoa walimu wa kutosha kwa kasi hiyo. Wakachukuliwa vijana wasiosomea ualimu, wale tuliowaita UT, na wengi wao walisomea kazi hiyo wakiwa tayari wanaifanya, likizo baada ya likizo.

UT wamesemwa vibaya mno, na wakosoaji hawakukosa sababu. Wengi hawakujua azimio la kazi wala andalio la somo. Lakini UT aliyezaliwa Garba Tulla alimweleza mtoto hesabu kwa Kiborana Kiswahili kilipogoma, na alijua kwamba mvua ikikosekana, nusu ya darasa itafuata mifugo. Hakuhitaji kuandikiwa hayo katika ripoti.

Kisha ngazi ikazidi kupanda. P1 ikawa daraja la chini kabisa. Mtaala wa umilisi ulipoingia mwaka 2017, P1 nayo ikaonekana haitoshi. Tangu 2021 vyuo vinatoa stashahada ya miaka mitatu. Mwalimu wa leo anapima umilisi wa kila mtoto, anaandika tathmini na kupakia alama kwenye tovuti ya KNEC, baraza la mitihani, hata pale ambapo mtandao ni wa kuvizia. Juu ya hayo, TSC, tume inayoajiri walimu, imemwekea moduli sita za mafunzo endelevu, kila moja miaka mitano. Hesabu mwenyewe: miaka 30, yaani karibu umri wote wa kazi.

Ubishi mkubwa uko mlangoni. Mwaka 2018 Wizara ya Elimu ilitaka kushusha alama za kujiunga na vyuo vya ualimu, hasa kwa kaunti zilizoachwa nyuma. TSC ikakataa. Wakati ule niliiunga mkono TSC bila kusita, leo nasita. Shule isiyo na mwalimu wa hisabati haitoi wanafunzi wengi wenye C, na wale wachache wanaoipata wana kozi nyingine za kuchagua. Tukishikilia alama peke yake, mwalimu wa Oldonyiro ataendelea kutoka mbali. Na wa mbali huondoka: Januari 2020, baada ya walimu kuuawa Kamuthe, Garissa, kaunti tunayopakana nayo, TSC iliwahamisha walimu wasio wenyeji, na shule zikabaki na wachache mno. Siwalaumu walioondoka.

Ningemchukua kijana wa huku mwenye alama pungufu, nimrefushie chuo badala ya kumshushia mtihani: mwaka mzima wa matayarisho kabla ya stashahada yenyewe. Ni gharama, ndiyo. Hata marupurupu ya mazingira magumu ni gharama, nayo hulipwa kila mwezi.

Halafu kuna mazoezi ya ufundishaji. Mara nyingi mwanachuo hupangiwa shule iliyo karibu na chuo, mkaguzi asisumbuke na safari. Hafundishi madarasa mawili katika chumba kimoja, wala hafundishi watoto ambao lugha yao haijui. Shule ya mahali kama Kula Mawe, huku kwetu, ataijua siku atakapofungua barua ya TSC ya kumpangia kazi.