Kitambi, sindano na safari: mlo wa mwanamume mwenye saratani ya tezi dume

Kwenye biashara ya mipakani, kitambi kina maana yake. Mwenye duka la jumla akimwona mteja wake wa siku nyingi amenenepa, humwongezea mali kauli bila kuuliza sana. Akimwona amekonda, shati linamning'inia mabegani, huanza kufungua daftari la madeni. Ndiyo maana mwanamume wa Namanga, Busia, Mutukula au Rusumo anayeambiwa hospitali kwamba ana saratani ya tezi dume hutoka na hofu mbili. Ya kwanza ni kifo. Ya pili, ambayo haisemi mbele ya daktari, ni kukonda hadharani.

Kinachomshangaza baadaye ni kwamba ananenepa. Miezi sita baada ya kuanza sindano, mkanda umefika tundu la mwisho, mikono imepungua, na kupanda kwenye lori kunataka mtu wa kumshika mkono. Wenzake sokoni wanampongeza kwamba dawa imemkubali. Naye anafurahi, kwa kuwa siri imekaa na wadai wametulia.

Furaha hiyo inahitaji kuangaliwa upya, maana kitambi kile kimeletwa na matibabu yenyewe na kinaweza kumdhuru kuliko anavyodhani.

Tezi dume iko chini ya kibofu cha mkojo. Saratani yake iliwapata wanaume karibu milioni 1.47 duniani mwaka 2022, na karibu 397,000 walikufa kwayo mwaka huo, kwa hesabu za Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani. Kenya, Uganda na Tanzania ni miongoni mwa nchi ambako saratani hii iko mstari wa mbele kwa wanaume. Wengi hufika Ocean Road jijini Dar es Salaam, Kenyatta jijini Nairobi au Taasisi ya Saratani ya Uganda pale Mulago wakati ugonjwa umekwisha kutoka nje ya tezi. Kwa hao, nguzo ya tiba ni kuizima homoni ya kiume, testosteroni.

Jambo hilo si jipya. Mwaka 1941 daktari Charles Huggins wa Chicago na wenzake walionyesha kwamba saratani hii hulishwa na homoni hiyo, na kwamba ikikatwa, ugonjwa hunywea. Huggins alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1966. Leo homoni hukatwa kwa njia mbili: operesheni ya kuondoa korodani, ambayo hufanyika mara moja na ndiyo nafuu, au sindano za kila siku 28 au kila wiki 12. Matokeo kwa mwili yanafanana. Testosteroni ndiyo inayojenga misuli na kulinda mifupa, na ikiondoka, mafuta huchukua nafasi. Katika utafiti mmoja wa Marekani uliochapishwa mwaka 2002, wanaume waliochomwa sindano kwa wiki 48 waliongezeka mafuta mwilini kwa zaidi ya asilimia 9, huku nyama ya mwili ikipungua kwa karibu asilimia 3. Mizani ya kawaida ilionyesha nyongeza ndogo tu. Mtu anaweza kubaki na kilo zilezile na bado awe amebadilika ndani.

Pamoja na mafuta hayo huja hatari ya kisukari, na moyo nao huelemewa. Hapa ndipo penye jambo ambalo wagonjwa wengi hawaambiwi vya kutosha: wanaume wengi wenye saratani ya tezi dume hawauawi na saratani hiyo, wanauawa na moyo. Mtu anaweza kuhangaika miaka mitano kutafuta fedha za sindano, kipimo cha PSA kikashuka vizuri, halafu akaangushwa na shinikizo la damu ambalo hakuna aliyekuwa akilifuatilia.

Sahani ya njiani

Mfanyabiashara hali nyumbani. Hilo ndilo tatizo lake kubwa, na ushauri wowote wa mlo usioanzia hapo haumfai. Saa kumi na moja alfajiri yuko stendi na chai yenye sukari vijiko vinne na chapati mbili. Mchana gari limesimama kwenye foleni ya forodha, anakula chipsi mayai. Upande wa Uganda ni rolex, chapati iliyoviringishwa na mayai. Jioni mzigo umepita, wenzake wanaagiza nyama choma na bia. Katikati ya hayo ni soda, kwa sababu ni baridi na maji ya bomba hayaaminiki. Soda ya kawaida ya mililita 300 hubeba gramu 30 na zaidi za sukari, yaani vijiko saba hivi vya chai. Anayekunywa tatu kwa siku amelamba vijiko zaidi ya ishirini kabla hajagusa chakula.

Pa kuanzia ni hapo, kwenye vinywaji, kwa kuwa hapagusi heshima ya mtu. Hakuna anayemcheka mwanamume kwa kuagiza maji ya chupa au chai ya rangi isiyo na sukari. Nyama choma ni ngumu zaidi, maana kwenye meza ile ndipo bei zinapopangwa. Si lazima akimbie meza. Ale vipande vichache, kachumbari iwe nyingi, na ugali uwe nusu ya ule aliozoea.

Chakula kinachomfaa kiko kwenye vibanda hivihivi vya mama ntilie, tena mara nyingi kwa bei ndogo kuliko chipsi: maharage au kunde, mchicha, matembele au sukuma wiki, na ugali wa dona badala ya sembe. Maharage na samaki humpa protini, ambayo misuli yake inaihitaji kuliko zamani. Dagaa wanastahili kutajwa peke yao. Kenya ni omena, Uganda ni mukene, na kwa kuwa huliwa pamoja na mifupa yao, wana madini ya kalsiamu kwa wingi, madini ambayo mifupa ya mtu aliyekatiwa homoni inayadai kila siku. Wanaume wengi wanaowasafirisha kwa magunia kutoka Mwanza na Musoma huwaona kama chakula cha siku ya njaa. Bora wawape nafasi nyingine, ila wasiogelee kwenye mafuta ya kukaangia, na waliokaushwa kwa chumvi waoshwe kwanza.

Sigara haina mjadala. Bia nyingi nayo hudhoofisha mifupa na huongeza kitambi, na wapo wanaoona kwamba inawaamshia lile joto la ghafla linalopanda kifuani na usoni, ambalo ni usumbufu mwingine wa tiba hii.

Kile ambacho chakula hakiwezi

Mipakani hakukosi muuza dawa ya tezi dume. Ana chupa za unga, vidonge vya vitamini, mafuta ya mbegu, na picha ya mzee anayetabasamu. Baadhi ya wasomaji wa ukurasa huu huzibeba bidhaa hizo wenyewe kama sehemu ya mzigo. Basi wajue mambo mawili.

La kwanza: nchini Marekani na Canada, zaidi ya wanaume 35,000 wenye afya walifuatiliwa kuona kama vitamini E na madini ya seleniamu vingewakinga na saratani hii. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2011 yalionyesha kwamba waliopewa vidonge vya vitamini E peke yake walipata saratani ya tezi dume zaidi, kwa asilimia 17, kuliko waliopewa vidonge visivyo na dawa. Kidonge kilichonunuliwa ili kulinda kilidhuru.

La pili ni la kuwapoza hata wapenzi wa mboga. Wanaume 478 wa Marekani waliokuwa na saratani ya hatua ya mwanzo waligawanywa makundi mawili, moja likahimizwa kula mboga nyingi zaidi. Mwaka 2020 ilitangazwa kwamba baada ya miaka miwili ugonjwa ulikuwa umeendelea sawasawa katika makundi yote. Mboga zinabaki kuwa na kazi yake kwa moyo, kwa sukari ya damu na kwa choo. Ila anayeuza mboga, au unga wake, kama tiba ya saratani anauza asichokuwa nacho, na mgonjwa anayeacha sindano kwa ajili ya chupa hiyo anaweka maisha yake rehani.

Mwili upewe kazi

Kwenye mazoezi, ushahidi una uzito zaidi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Edith Cowan, Perth, Australia, waliwachukua wanaume 57 waliokuwa kwenye tiba ya kukata homoni na ambao saratani ilikuwa haijafika mifupani. Nusu yao walifanya mazoezi ya kunyanyua uzito pamoja na ya kutoa jasho, mara mbili kwa wiki kwa wiki 12. Taarifa yao ya mwaka 2010 ilionyesha kwamba waliofanya mazoezi walirudisha nyama na nguvu. Utafiti mwingine wa Marekani, wa mwaka 2011, uliwafuatilia wanaume 2,705 wenye saratani hii na kuona kwamba waliofanya shughuli za kutoa jasho saa tatu au zaidi kwa wiki walikufa kwa saratani hiyo wachache mno kuliko waliofanya chini ya saa moja. Huo wa pili hauthibitishi kwamba mazoezi ndiyo sababu. Huenda wenye nguvu za kukimbia walikuwa na nafuu tangu mwanzo. Ule wa Perth hauna shaka hiyo.

Hakuna haja ya ukumbi wa mazoezi. Kuketi na kuinuka kwenye kiti bila kujishika, mara kumi, kupumzika, na kurudia, ni kazi tosha kwa mapaja. Galoni mbili za lita tano zilizojaa maji ni uzito wa kilo tano kila mkono. Kuusukuma ukuta wa nyumba ya wageni kunafaa kifua. Siku mbili au tatu kwa wiki zatosha kwa hayo, na siku nyingine ni kutembea kwa mwendo wa haraka hadi pumzi ibadilike, dakika 30, siku tano. Bodaboda, ambayo jina lake lilizaliwa palepale Busia kwa baiskeli zilizovusha watu kutoka mpaka hadi mpaka, imewanyang'anya wafanyabiashara miguu yao. Umbali kutoka maegesho ya malori hadi ofisi za forodha si wa kumlipa mtu.

Onyo moja ni zito kuliko mengine yote. Saratani hii hupenda kuhamia mifupani, hasa uti wa mgongo na nyonga. Mwenye hali hiyo asibebe gunia, na lumbesa asiiguse kabisa, hata kama amezoea kuwasaidia wachukuzi kupakia. Ataruhusiwa kutembea na kufanya mazoezi mepesi aliyopangiwa na daktari au mtaalamu wa viungo. Na akianza maumivu mapya makali ya mgongo, miguu ikalegea au kufa ganzi, au mkojo ukagoma kutoka, asisubiri mzigo uvuke. Ni dharura ya siku hiyohiyo. Uti wa mgongo ukibanwa muda mrefu, miguu hairudi.

Wale waliofanyiwa operesheni ya kuondoa tezi wana shida yao, mkojo kuvuja, na kwenye basi la usiku hiyo ni aibu kubwa. Wengi huacha kunywa maji kabisa, jambo linaloufanya mkojo kuwa mkali na kibofu kuwashwa zaidi. Kinachosaidia ni kubana ile misuli inayozuia mkojo kwa sekunde tano hivi, kuiachia, mara kumi, mara tatu kwa siku. Hufanyika mtu akiwa ameketi ndani ya gari na jirani hajui.

Kupungua kwa namna mbili

Mwenye kitambi akipunguza kilo nusu au moja kwa wiki kwa mlo na mazoezi, huko ni kupungua kwa heri, na sukari na presha hushuka pamoja. Lakini kilo zikiondoka zenyewe, hamu ya chakula ikaisha na uchovu ukazidi, hapo asijisifu wala asiendelee kujinyima. Huenda ugonjwa umeamka. Mtu huyo anahitaji kula zaidi, kidogokidogo mara nyingi: uji wenye karanga, parachichi, mayai, maziwa. Tena anahitaji kurudi kliniki kabla ya tarehe yake.

Tarehe yenyewe hailingani na ratiba ya mipaka. Sindano ya wiki 12 ipangwe kabla ya safari ndefu, na kadi ya matibabu na barua ya daktari visafiri pamoja na pasi. Anayetumia vidonge vya abirateroni ahesabu saa: huvimeza tumbo likiwa tupu, saa mbili au zaidi baada ya kula, kisha hali kitu kwa saa moja, kwa sababu chakula huifanya dawa iingie mwilini kupita kiasi. Wengi huona rahisi kuvimeza alfajiri kabla ya ile chai ya stendi.

Na mizani anayo tayari, ile ya kupimia maharage stoo. Jumatatu asubuhi, kabla ya mteja wa kwanza, apande yeye, apime na kiuno kwa futi ya fundi cherehani, aandike namba zote mbili nyuma ya daftari la madeni, apeleke daftari hilo kwa daktari siku ya sindano.