Fahamu: Sindano ya kifafa cha mimba, na kwa nini muuguzi hugonga goti

Kutoka vijiji vya Itigi au Mkalama hadi hospitali ya rufaa mjini Singida ni mwendo mrefu, na kifafa cha mimba hakingoji gari. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linashauri dozi ya kwanza ya magnesiamu salfeti itolewe hapo hapo kituoni, kisha mama asafirishwe. Utafiti wa Magpie wa 2002 ulionyesha kuwa dawa hii hupunguza hatari ya degedege kwa zaidi ya nusu.

Akichomwa sindano hiyo, mama huhisi joto mwilini, pengine kichefuchefu; hayo hupita. Hatari ni dawa kujaa mwilini mkojo ukipungua, maana hutoka kwa mkojo. Ili kujua kama imejaa, muuguzi hugonga goti: lisiporuka, dozi inayofuata husimama. Husimama pia pumzi zikishuka chini ya 16 kwa dakika, au mkojo chini ya mililita 30 kwa saa. Kalsiamu glukoneti, inayozima makali ya magnesiamu, iwe mezani kabla ya sindano, si stoo.

Mjamzito akiumwa sana kichwa au kuona maluweluwe, huenda kifafa cha mimba kinakaribia: piga 115 bila malipo; wahudumu wa m-mama, huduma ya usafiri wa dharura kwa wajawazito, watatafuta gari.